Hoja za Kijinga za Nea Haralambie

Kwa miaka saba niliamini kwamba Haralambie Buzilă ndiye mtu mbishi kuliko wote mjini Iași, na Iași si mji wa watu wapole.

Alistaafu kazi ya reli akiwa na miaka hamsini na tisa. Alitunza taa za ishara za stesheni tangu zilipowashwa kwa swichi za mkono hadi zilipokuja kuendeshwa na kompyuta. Mafundi wenzake walipoletewa hizo kompyuta walikaa mbali nazo. Yeye alibeba vitabu vyake nyumbani, na baada ya miezi miwili akarudi anaandika programu. Shahada hana. Ana mgongo mbovu, ana kizibao cha manyoya ya kondoo anachokivaa mpaka Juni, na ana mama wa miaka themanini na saba anayempigia simu kila siku saa sita mchana kumuuliza kama amekula. Sisi wote humwita Nea Haralambie, kwa heshima ya umri, hata tunapomtukana.

Yeye ndiye aliyeanzisha Raftul, programu ya bure ya kuazimisha vitabu, ambayo leo inatumika katika maktaba zaidi ya mia tatu za vijiji na miji midogo ya upande wetu. Tuko watu tisa na hatulipwi chochote. Kila Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana katika chumba cha nyuma cha karakana ya zamani ya kujalidi vitabu, tunakula plăcintă, vitumbua bapa vya jibini, tunagawana kazi, tunagombana. Hasa tunagombana. Tumegombana kama C ni lugha ya programu au ni adhabu. Tumegombana kama anayeandika Python ni fundi au ni mpiga soga. Wawili wetu walinuniana tangu Krismasi mpaka Pasaka kwa sababu ya programu gani inafaa kuandikia msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu. Wageni wakitusikia hudhani tunataniana, lakini mtu aliyeishi na lugha moja miaka kumi, ukiitukana umemtukana yeye na waliomfundisha.

Ugomvi mkubwa kuliko yote ulikuwa wangu na Nea Haralambie, nao ulihusu jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hawezi kuamini. Unapoandika programu, baadhi ya mistari unaisogeza ndani kidogo, ili ionekane ipi imo chini ya ipi. Unaweza kuisogeza kwa kubonyeza kitufe cha Tab mara moja, au kwa kuweka nafasi tupu nne. Kwenye kioo cha kompyuta huoni tofauti. Ndani ya faili tofauti ipo, na kwa tofauti hiyo watu duniani wameacha kazi.

Raftul iliandikwa kwa Tab tangu mwanzo. Mimi ni mtu wa nafasi nne. Kila mwaka nilileta hoja tubadilishe, na kila mwaka Nea Haralambie alisimama kuipinga kwa maneno ambayo yangemtia aibu mtoto wa shule.

"Tab ni herufi moja, nafasi ni nne," alisema. "Faili huwa dogo."

"Nea Haralambie, simu yako inabeba maktaba nzima. Unabana herufi tatu ukampelekee nani?"

"Kidole gumba changu kinachoka."

"Kipe likizo, basi!"

"Mashine ya kuchapa ya stesheni ilikuwa na Tab, na treni zilifika."

Watu walicheka mpaka wakapaliwa na kahawa. Yeye alibaki amesimama, uso mwekundu, na mwisho alishinda kwa kung'ang'ania tu, kwa sababu yeye ndiye mwanzilishi na hakuna aliyetaka kumuumiza. Hakuna, isipokuwa mimi.

Mwaka huu, mwezi wa Machi, niliandika kurasa kumi na moja. Sentensi ya kwanza ilisema: *Msimbo huandikwa kwa ajili ya jicho.* Nilizisoma zote mbele ya kikundi, nikazichukua hoja za Nea Haralambie moja moja nikazivua nguo. Katikati ya ukurasa wa saba alitoka kwenda uani bila kizibao chake, na theluji ilikuwa bado haijayeyuka. Nilishinda kura sita kwa mbili. Wiki ile ile mistari elfu arobaini ya Raftul ikageuzwa kuwa nafasi nne, nami nilijiona malkia.

Kura ya tisa haikupigwa. Ilikuwa ya Smaranda Olaru, ambaye kila tulipogombana alisema, "Mimi simo," akaendelea kula. Smaranda anatoka Pașcani, ana miaka hamsini na moja, na hajawahi kuona tangu azaliwe. Alikanda migongo ya wafanyakazi wa reli miaka ishirini kabla hajaanza kuandika programu. Ndiye aliyeandika moyo wa Raftul, ile sehemu inayotafuta kitabu hata kama mzee wa kijijini amekumbuka nusu ya jina na nusu hiyo ameikosea. Wengine wote tunaogopa kuigusa.

Mwezi wa Mei alituandikia mistari miwili: *Naacha mwisho wa Juni. Msinitafutie sababu, nimechoka.*

Bila Smaranda, Raftul isingemaliza mwaka. Hilo tulilijua wote. Mimi niliumia zaidi, kwa sababu katika maisha yangu sijapata kukutana na mwandika programu anayemfikia. Nikapanda treni kwenda Pașcani kumwomba abaki.

Alifungua mlango kabla sijagonga. "Ilinca. Viatu vyako vinapiga kelele tangu ghorofa ya kwanza. Ingia, maji yamechemka."

Nilimsihi kwa nusu saa. Alinisikiliza, akanimiminia chai ya maua ya mti wa tei, akabadilisha mazungumzo. "Lile kosa lako la tarehe za kurudisha vitabu, umelipata?"

"Wiki ya tatu hii. Nimekonda."

"Hebu lilete."

Alifungua faili langu. Kompyuta yake ikaanza kulisoma kwa sauti, kwa kasi ambayo sikio langu halikuifuata, na mimi nikaruka kitini. Hayakuwa maneno. Ilikuwa kama vitunguu vinavyoangukia mafuta ya moto, mfululizo, bila pumzi. Smaranda alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, mkono mmoja kwenye kikombe. Haikutimia dakika.

"Mstari wa mia mbili na kumi na nne. Unahesabu siku kwanza, ndipo unauliza kama maktaba imefungwa. Geuza."

Niliangalia. Ilikuwa kweli. Nywele zilinisimama, na sioni haya kulisema. Wiki tatu nilikuwa nimeutazama mstari ule kwa macho mawili mazima na miwani juu yake, na yeye aliusikia ukipita.

"Smaranda, unafanyaje?"

"Nasikiliza. Wewe hufanyaje?" Akacheka, kisha akasukuma kikombe chake kando. "Lete mikono. Funga macho. Yafunge kweli, nitajua."

Aliweka vidole vyangu juu ya kifaa kirefu chembamba mbele ya kibodi yake. Ni kifaa cha nukta nundu. Kina vyumba arobaini, na katika kila chumba vinukta hupanda na kushuka kuandika herufi moja. Mstari mzima wa dunia yake ni vyumba arobaini.

"Hii ni ile sehemu ya kutafuta," alisema. "Soma."

Nilipapasa. Tupu. Tupu. Niliendelea kusogeza vidole kulia, na chini yake hapakuwa na kitu, laini kama meza. Nilihesabu vyumba ishirini kabla ya kugusa nukta ya kwanza.

"Imeharibika?" niliuliza.

"Nzima kabisa. Mstari huo umesogezwa ndani mara tano. Nafasi nne mara tano, ishirini. Nusu ya kifaa changu inasoma hewa. Zamani ilikuwa Tab, nami nimeiagiza mashine kila Tab iwe chumba kimoja. Vyumba vitano, basi, naanza kusoma."

Nilitoa mikono yangu pale kama imeungua.

Tulijua kwamba Smaranda haoni! Tulimshika mkono kwenye ngazi, tulimwambia plăcintă iko upande gani wa sahani. Watu wanane wanaojiita werevu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza anausomaje msimbo. Na mimi nilisimama mbele yake nikasoma kurasa kumi na moja kuhusu jicho.

"Huwezi kugeuza nafasi ziwe Tab kwenye kompyuta yako, halafu unazirudisha unapotuma?" niliuliza, nikijitafutia pa kutokea.

"Nilifanya hivyo Aprili. Siku moja kugeuza kukaponyoka, nikatuma faili zima limebadilika, na mtu akaniandikia, 'Smaranda, mistari elfu mbili kwa ajili ya neno moja? Tuwe makini.' Unamkumbuka ni nani?"

Nilimkumbuka. Nilikuwa mimi.

"Kwa nini hukusema? Neno moja tu!"

"Nililisema pale nilipoajiriwa kwanza. Wakanipa nilichoomba, wema watupu. Tangu siku hiyo wakanipa kazi nyepesi, na kila nilipokosea lilikuwa kosa la kipofu. Kwenu nikikosea nimekosea mimi, Smaranda, na mnanifokea kama mnavyofokeana. Siuzi hilo kwa Tab. Bora niondoke."

"Nitairudisha Tab."

"Bila kunitaja. Hata kwa kunong'ona. Wakijua ni kwa sababu yangu, sibaki. Apa."

Niliapa. Nikajifanyia ishara ya msalaba, na nikamwambia kwamba nimeifanya.

Jumamosi ya pili ya Juni chumba kilijaa, na sahani za cheri zilikuwa mezani. Smaranda alikaa dirishani na fimbo yake mapajani. Nilisimama nikasema naleta hoja turudi kwenye Tab.

Wakaangua kicheko. Casian, kijana wetu mwenye ulimi wa wembe, ndiye aliyepiga kura na mimi kwa kelele kuliko wote mwezi wa Machi. Alifuta machozi. "Mama Ilinca, una homa? Au Nea Haralambie amekuloga?"

"Nimefikiri upya."

"Fikiri kwa sauti basi, tufaidi wote. Sababu?"

Nilifungua mdomo. Ile sababu ya kweli ilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, ingewanyamazisha kwa sekunde moja, na nisingeweza kuitoa. Nilitafuta nyingine. Nilitafuta kwa bidii, mimi niliyeandika kurasa kumi na moja kuthibitisha kwamba hakuna.

"Faili," nilisema, "huwa dogo."

Mtu alianguka juu ya meza kwa kicheko. Casian alikuwa tayari amefungua kurasa zangu kwenye simu. "Ukurasa wa tatu, maneno yako mwenyewe: 'Anayetetea Tab kwa ukubwa wa faili anatetea punda katika mbio za magari.' Endelea, mama!"

"Na kidole gumba kinachoka."

Nilijisikia nikilisema. Masikio yalinichoma. Nea Haralambie, ambaye mpaka hapo alikuwa akitoa kokwa za cheri kimya kimya, aliinua kichwa akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasimama taratibu, mkono kiunoni kwa ajili ya mgongo wake.

"Naunga mkono," alisema. "Na mashine ya kuchapa ya stesheni ilikuwa na Tab."

Wakacheka tena, lakini safari hii tulichekwa wawili. Yule mwenzake wa kura ya Machi alibaki na Tab, na mwingine mmoja alisema atakubali, maana kama Ilinca amehama lazima kuna jambo. Kura nne kwa nne. Smaranda alisema, "Mimi simo," na niliona vidole vyake vimekaza fimbo.

Casian aliona nafasi yake. "Mimi nitahamia kwenu. Kwa sharti moja. Mama Ilinca asome kurasa zote kumi na moja, hapa, sasa hivi, na kila ukurasa ukiisha aseme: nilikosea."

Nilisoma. Ilichukua dakika arobaini. Mwanzoni walipiga makofi kila niliposema nilikosea, kufikia ukurasa wa tano waliacha, na kwenye ukurasa wa saba sauti yangu haikuwa nzuri. Kura zikawa tano kwa tatu. Smaranda aliuliza kama cheri zimebaki, kisha akamwambia Casian kwamba faili lake la kadi za wasomaji ni takataka na Jumamosi ya kwanza ya Julai watalipitia pamoja, mstari kwa mstari.

Watu walipotoka nilibaki kwenye sinki kuosha vikombe. Nea Haralambie alichukua kitambaa akasimama kando yangu kukausha.

"Alikuapisha?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Kikombe kiliniteleza mkononi. "Nani?"

"Mimi aliniapisha mwaka ule wa kwanza wa Raftul. Kabla ya hapo alikuwa akinikanda mgongo kule zahanati ya reli, mimi nikimfundisha amri za kompyuta huku nimelala kifudifudi. Nilijua kabla yenu anasomaje."

Niliyahesabu yote pale pale. Miaka saba. Kila mwaka alisimama mbele yetu na yale maneno ya kijinga, akajua ni ya kijinga, akasikia kicheko changu, akakaa. Mwezi wa Machi nilimtoa nje kwenye baridi, na hata pale hakusema. Mimi nilikuwa nimevumilia dakika arobaini nikadhani nimefanya jambo kubwa. Sikujua mtu anaweza kuwa hivyo. Nilitaka kumwomba radhi.

"Nea Haralambie," nilisema, "zile hoja zako..."

"Mbovu. Najua. Ile nzuri nilikuwa nimeapa nisiitumie." Alikausha kikombe cha mwisho, akakiangalia kwenye mwanga, akakiweka kabatini. "Na usimwambie Casian, lakini nyumbani kwangu mimi mwenyewe naandika kwa nafasi nne. Inapendeza zaidi machoni."