Jiwe la Babu kwenye Mizani ya Halwa

Swala ya alfajiri imekwisha, na moshi wa kuni umeshatanda kwenye kichochoro kimoja cha Malindi, Mji Mkongwe. Ammar Turki amesimama mbele ya sufuria la shaba, mwiko mrefu mikononi, anakoroga bila kupumzika. Wanga, sukari na samli vimeanza kushikana. Bismillahi ameshaisema. Halwa ikianzwa bila hiyo, anaamini, hata zafarani haiiokoi.

Ng'ambo ya kichochoro, karibu kiasi cha kupeana chumvi bila kutoka mlangoni, kijana anafungua duka lake. Naye anauza halwa.

"Shikamoo, ami," anasema kijana huyo, Simai Kificho.

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Mie nshauza vikapu vitatu."

Halwa yenyewe haijaiva. Wote wawili wanacheka.

Mwaka jana wasingecheka. Duka la Ammar lilianzishwa na babu yake, na mtaa mzima ulinunua hapo kwa harusi, kwa Idi na kwa kahawa ya jioni. Kisha Simai akaja kutoka Mkokotoni, kaskazini ya Unguja, akapanga chumba cha mbele, akauza kilo kwa shilingi elfu tisa. Ammar alikuwa akiuza kwa elfu kumi.

Wateja wakaanza kuvuka kichochoro. Wengine walipita dukani kwa Ammar wakiangalia chini, kama watu waliochelewa msibani. Simai naye alikuwa na ulimi. Kila asubuhi alinadi kwa sauti kwamba yake ni halwa ya leo, si ya juzi.

Baada ya Idi iliyomwacha na masufuria mawili ya halwa isiyonunuliwa, Ammar alimwambia mkewe, Ghaliya, kwamba kwa hali ile duka lisingefika Ramadhani. Akaenda kwa sheha wa mtaa, Bi Shahida, kuomba kijana afungiwe.

Sheha alimsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza kama Simai ana leseni. Anayo. Kama jiko lake ni chafu. Si chafu.

"Basi serikali haichagui nani auze, Mzee Ammar," akamwambia. "Inaangalia anauza nini na anapima vipi."

Hapo Ammar akapata pa kushikilia. Kama kijana anauza rahisi, bila shaka anapunja. Akaomba mkaguzi wa vipimo aletwe. Sheha akakubali, ila akasema mkaguzi akija hatakagua duka moja.

Mkaguzi alianza kwa Simai. Mizani yake ilikuwa sawa sawa. Akavuka kichochoro, akachukua jiwe la chuma la kilo moja ambalo Ammar alirithi kwa babu yake, akalipima. Akalipima tena. Kisha akaligeuza juu chini.

Chini yake palikuwa na kipande cha madini ya risasi, kimegandishwa vizuri na kupakwa masizi. Kilo ya babu ilikuwa na gramu mia na hamsini zaidi. Muda wote huo, aliyenunua kwa Ammar kwa elfu kumi alipata halwa nyingi kwa fedha yake kuliko aliyelipa elfu tisa kwa Simai, na hakuna aliyejua, hata Ammar mwenyewe.

Babu, Ammar alikumbuka, aliogopa sana siku ya hesabu. Aliona bora azidishe kwa jiwe kuliko mkono uje upunguze kwa kusahau. Ghaliya aliposikia, alicheka mpaka akakaa kitako.

"Babu yako alitoa sadaka," akamwambia mumewe, "na wewe ndiye uliyekuwa ukiilipa."

Mkaguzi hakucheka. Sheria inataka kilo iwe kilo, alisema, isipungue wala isizidi, ili mnunuzi alinganishe bei akijua analinganisha nini. Akamtaka Ammar anunue jiwe lenye mhuri.

Ammar alinunua, akashusha bei hadi elfu tisa. Kwa kilo ya kweli, bado anapata zaidi kuliko zamani. Nyongeza ya babu hakuiacha: akishapima, humega kipande kwa kijiko na kukiweka juu mbele ya macho ya mteja. "Sasa sadaka yangu naijua," anasema. "Na Mungu anajua nimekusudia."

Wateja wamerudi, si wote. Wapendao hiliki nyingi wamebaki kwa Simai, wapendao zafarani wako kwa Ammar, na wapo wanaonunua kote. Harusi ikiwa kubwa, majirani hao huazimana masufuria.

Ammar, aliyeacha skuli utotoni ili akoroge halwa, sasa ana miaka hamsini na minane na anasoma darasa la jioni baada ya Magharibi. Siku mwalimu alipofundisha soko huria, Ammar aliuliza huria kwa nani. Darasa zima, lililojua kisa cha Simai, liliangua kicheko. Lakini mwalimu alimjibu kwamba ni kwa wote wawili, na zaidi kwa yule mwenye fedha mkononi anayechagua aingie mlango gani.

Inshallah, baada ya mwezi wa Ramadhani Ammar anataka kufungua kibanda Mkokotoni, sokoni. Anayeuza halwa huko ni Bi Shemsa, shangazi yake Simai.

"Atakasirika, najua, maana nami nlikasirika," anasema, akiinua mwiko kuangalia kama halwa inavutika. "Akitaka kwenda kunishitaki kwa sheha wake, ntamsindikiza mwenyewe."