Vitunguu Vitano vya Meneja

Bi Mizani alikuwa amepika katika shule ya bweni miaka thelathini na mmoja. Jina hilo alipewa na wanafunzi waliochoka kuona upawa wake hauzidishi hata punje moja ya maharage. Alipostaafu alihamia kwa mwanawe, akamkuta mkwe wake ana kazi ambayo hakuielewa: kukaa ofisini akitazama watu wakinunua vyakula kwa programu ya simu.

"Na wanakulipa kwa kutazama?" aliuliza siku ya kwanza.

"Wananilipa, mama."

Bi Mizani alimtazama tu mwanawe kwa huruma.

Jumanne moja, mtu aliyeahidi kwenda kuijaribu programu hiyo ya manunuzi hakutokea, na simu yake ikawa haipatikani. Mkwe akampigia mama mkwe, kwa haya.

"Mama, njoo unisaidie saa moja tu. Wewe unanunua, mimi nakaa kando."

"Nikikosea?"

"Hatukupimi wewe, tunapima programu."

"Hata hospitali husema hivyo hivyo," alisema Bi Mizani, akavaa viatu.

Chumba kilikuwa kidogo, chenye meza nyeupe na kamera iliyoinamia simu. Katika chumba cha pili meneja na wabunifu wake wawili walitazama kwenye televisheni, biskuti zimewekwa mbele yao, maana kazi ya kutazama inachosha. Mkwe alimwomba aseme kwa sauti kila kitakachomjia akilini. Kwa Bi Mizani, hiyo ilikuwa ruhusa ambayo hakuwahi kuisubiri.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: anunue vitunguu vya watu watano. Akaandika vitunguu. Programu, kwa ukarimu wake, ikamletea kwanza shampuu ya vitunguu.

"Nimekuja kuoga au kupika?"

Aliposhuka chini zaidi akakuta picha ya kitunguu kimoja, kimeng'arishwa kama bibi harusi. Pembeni pana alama ya kujumlisha na namba moja.

"Moja nini? Kimoja, kilo, au gunia?"

Mkwe alitabasamu bila kujibu, maana haruhusiwi kumsaidia anayejaribu. Bi Mizani akaweka tano, mengine akamwachia Mungu.

Sasa alipe. Mahali pa kulipia hapakuwepo. Palikuwa na kitufe cha kijani kilichoandikwa "Endelea na safari yako". Maneno hayo aliyatunga meneja mwenyewe, kwa wiki mbili nzima, akidai mteja anunue kwa hisia.

"Safari ya wapi? Mimi sina safari, nina njaa."

Akabonyeza alama ya kurudi nyuma, na kikapu chote kikafutika.

Mlango ukafunguliwa, meneja akaingia mzima mzima.

"Mama, si hapo. Bonyeza hicho cha kijani, mbona kiko wazi kabisa."

"Kwa hiyo kila mteja utamfuata nyumbani kumwonyesha, baba?"

Meneja akamgeukia mkwe. "Umetuletea nani? Wateja wetu ni watu wa kisasa. Hata mtu wa kujaribu tu unashindwa kumpata."

Mkwe akainamia daftari lake. Moyo ukamchoma Bi Mizani. Kumdharau mkwe ilikuwa haki yake yeye, si ya mtu baki.

"Basi ninunulie wewe wa kisasa," alisema kwa upole. "Vitunguu vitano. Nami nijifunze."

Meneja akatoa simu yake, vidole vikacheza: tano, safari, malipo, tayari.

"Sekunde arobaini," akatangaza.

Kesho yake asubuhi mwendesha pikipiki alifika mapokezi na mifuko mitano, kila mmoja kilo tano. Meneja akasema si mizigo yake. Mwendesha pikipiki akamsomea jina lake kwenye risiti taratibu, mara mbili.

Kwa miezi sita mkwe alikuwa ameandika ripoti nne juu ya kipimo na kitufe kile, na meneja alizisifia jalada. Harufu ya vitunguu kando ya meza yake ilimwelimisha kwa siku mbili. Kitufe kikaandikwa "Lipia", chini ya picha pakaandikwa "mfuko wa kilo tano", na shampuu ikarudishwa bafuni. Katika mkutano mkubwa meneja alieleza kuwa wazo hilo lilimjia akiwa katika tafakuri. Akapigiwa makofi. Bi Mizani naye hakusahauliwa: alitumiwa vocha ya manunuzi, inayotumika ndani ya programu ile ile tu.

Mifuko miwili mkwe alikuja nayo nyumbani. Jioni walikaa jikoni wakichambua vilivyooza.

"Meneja alipoweka tano," aliuliza Bi Mizani, "wewe ulijua mfuko mmoja ni kilo ngapi?"

Mkwe alimenya ganda moja, akamenya la pili.

"Nilijua, mama."

Bi Mizani alicheka mpaka akaweka kisu chini. Halafu akamwambia aende akapumzike, vilivyobaki atavimaliza yeye.