Midomo Miwili ya Kiko Kimoja

MaDlomo wa kule Centane alianza kuvuta kiko siku alipohesabiwa miongoni mwa wanawake wakubwa wa kijiji, na kwa miaka thelathini hakuvuta peke yake. Kila alasiri shoga yake MaGaba alikuja, wakaketi ukutani upande wa jua. Kiko kilikuwa kimoja, kirefu kama mkono, ila mdomo wa kuvutia moshi kila mmoja alikuwa na wake, ndivyo wafanyavyo wanawake wa huko. Huyu akichomoa wake, mwenzake anachomeka wake, na umbea unaendelea.

Kisha kikohozi kikaja, kikakataa kuondoka. Nesi wa zahanati alimsikiliza kifua, wala hakumung'unya maneno.

"Mama, mapafu yamechakaa. Ukiacha leo, utapumua. Ukingoja mwaka mwingine, sitakuwa na la kukusaidia."

Akaacha. Kiko akampa MaGaba, lakini mdomo wake akauficha ndani ya kilemba. Hapo alikosea, ila nani angetupa kitu alichokishika kwa meno miaka yote hiyo?

Jamani, arosto ya kuacha tumbaku si mchezo! Mikono ilimtetemeka, chakula hakikupita, akawafokea hata kuku. Hayo aliyavumilia. Lililomuuma ni MaGaba, ambaye tangu siku ile hakukanyaga tena kwake. Alipita nje ya ua wa mishubiri, akapaza sauti, "U hai, we bibi?" na kabla hajajibiwa keshakwenda zake.

"Kumbe nilikuwa na rafiki wa tumbaku," MaDlomo akajiambia, akalia.

Siku ya thelathini na nne akashindwa. Alichomoa ule mdomo kilembani, akapanda kilima kwenda kwa MaGaba. Njiani alipumzika mara mbili tu. Zamani ingekuwa mara tano, lakini kwa uchungu aliokuwa nao hakulitambua hilo.

MaGaba alikuwa mlangoni anavuta. Kumwona tu, akakitupa kiko ndani.

"Ishia hapohapo! Usinisogelee, nanuka tumbaku!"

"Nipe kiko, MaGaba. Heri nife nina mtu wa kuzungumza naye."

"Una wazimu? Siku thelathini na nne nakukwepa kama mwenye ndui, nisikuletee harufu ukaanguka! Unadhani mimi sikuumia? Naongea na mbuzi hapa!"

"Umezihesabu?"

"Nani mwingine wa kukuhesabia?"

MaGaba akaingia ndani, akaoga, akasukutua, akabadili blanketi alilojitanda. Alipotoka alinyoosha kiganja, na MaDlomo akauweka ule mdomo humo.

"Mimi sijasema naacha," MaGaba akaonya. "Ila alasiri ni zako."

Wakaketi ukutani, penye jua. MaDlomo hakujua mikono yake aiweke wapi, MaGaba akaishika.