Nilikuwa Natwanga

Jana nilikuwa na beseni langu la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, pale stendi ya Geita, redio ya kinyozi inapiga kelele, nikasikia sauti ya dada yangu. Mwenzangu, niliacha beseni nikasogelea redio. Alikuwa anaulizwa alivyoanza kuandika riwaya zake za watu wa kale. Akasema, "Mswada wangu wa kwanza ulipotea nikiwa msichana." Akacheka kidogo, wakaendelea na mengine.

Haukupotea. Mimi nitasema, hata kama hakuna wa kunisikiliza.

Kwetu ni upande wa Kharumwa. Baba alisema pamba ya mwaka ule inatosha sare moja ya shule. Akampa dada, mimi nikabaki na mchi, ndiyo maana mpaka leo nasoma kwa kuburuta kidole. Na bibi hakuwa mtu wa kusimulia bure. Ukitaka habari za zamani, umtwangie mahindi. Mchi ukitulia, naye anafunga mdomo. Basi jioni, moshi wa kinyesi cha ng'ombe unatuchoma macho, mimi natwanga, bibi anatafuna michembe, dada amemsogelea kabisa, daftari magotini.

"Tia nguvu wewe, nisije nikafia njiani!" bibi alinitania, maana kwenye hadithi yake alikuwa bado anatembea. Alikuwa anatoka Tinde, mwaka wa njaa, mtoto wake wa kwanza mgongoni. Baba alikuwa hajazaliwa, na hakuwahi kuambiwa habari hiyo. Mimi niliambulia vipande tu, kati ya dundo na dundo: jua, mto, mtoto kuachwa kichakani. Nikajiambia si kitu, dada anaandika, siku moja atanisomea.

Madaftari yalifika manne. Mwalimu mkuu akayachukua, eti anayapeleka Mwanza yakapigwe chapa. Mvua zilipoanza, bibi akafariki. Halafu siku ya gulio nikanunua karanga kwa mke wa mwalimu mkuu, nikakunjua kikaratasi alichonifungia. Mwandiko wa dada!

"Shikamoo mama. Hizi karatasi ni madaftari yetu."

"Marahaba. Kwani wewe umejua lini kusoma?"

Watu wakacheka. Nikakimbizana na wateja gulio zima. Wengine walishalamba chumvi na kutupa. Niliokoa kikaratasi kimoja. Baba alisema nisimvunjie mwalimu heshima, yakaishia hapo.

Dada alikuja kuandika upya akiwa mtu mzima, na kitabu kikampa jina. Mjukuu wangu alinisomea chote. Humo bibi anarudi, anamkuta mtoto ameshakata roho, anamzika kwa mikono yake. Nikampigia simu dada.

"Kweli alimzika?"

"Mdogo wangu, pale nilibuni. Nilishasahau alivyosema."

Mtoto yule ni shangazi yetu. Kama alikufa, kama aliokotwa, kama ana wajukuu wanaopita hapa stendi kila siku, sijui, na hakuna wa kumuuliza. Kikaratasi ninacho, mafuta yamekula nusu. Mjukuu anasoma: "Nikavuka mto, nikageuka, nikamwona bado amekaa, ndipo nika..." Hapo pamechanika.

Nyumba ya bibi sasa ni shimo la wachimbaji. Usingizi ukikaribia namwona amekaa pale jikoni, mdomo unacheza, anafika kwenye ule mto. Nami nasikia mchi tu.