Sahani ya Bi Mwanaidi

Harufu ya magimbi ya nazi ndiyo iliyokuwa saa yetu ya jioni, enzi zile Madale ikiwa bado vichaka na misingi ya nyumba. Ikipanda kutoka jikoni kwa Bi Mwanaidi, jirani yetu wa bondeni, mama alinitazama tu, nami nikainuka. Sisi tulikuwa Wakristo, watu wa kuja kutoka Njombe; yeye mwenyeji wa Pwani. Lakini Ramadhani ikiingia, futari yake ilikuwa yetu pia, na mchukuzi wa sahani nilikuwa mie, binti wa darasa la tatu, mroho kuliko wote. Nilikatiza kiwanja kitupu kilichotutenganisha, nikabisha hodi, nikaamkia, nikapewa. Sahani ya watu hairudi tupu, kwa hiyo kesho yake niliirudisha na maparachichi ya mama.

Kisha viwanja vikaanza kuuzwa kama karanga. Kila mtu alijenga mpaka mwisho wa eneo lake, barabara hakuna aliyeikumbuka. Baba Neema, aliyenunua kile cha katikati, akapandisha ukuta. Hakuwa mtu mbaya, alitaka boma lake tu. Ukuta ulipokuwa magotini niliuruka, ulipofika kifuani niliuparamia, na uliponipita kichwa nilikaa chini yake nikalia. Njia iliyobaki ilishuka hadi barabarani, ikavuka korongo na kupanda tena, na masika ile korongo lilikuwa tope tupu. Mama alinikataza kabisa. Niliona nimenyang'anywa shangazi.

Bi Mwanaidi hakugombana. “Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta,” alisema. “Huyu bwana kashajenga ukuta, sie tutafute ufa.” Jioni moja alimwita Baba Neema, akampitishia sahani ya futari kwa juu. Jamaa akala, akajilamba. Asubuhi akataka kuirudisha vilevile, mkewe akamkatalia: sahani ya mtu mzima hairushwi ukutani, hupelekwa mlangoni, tena na kitu ndani. Basi akashika njia ya korongo na ndizi zake mbivu. Alifika na kiatu kimoja.

“Shikamoo mama. Kumbe ni mbali hivi?”

“Marahaba, baba. Kwa mtoto ni mbali zaidi.”

Akampa maji ya kunawa miguu. Wiki ile ile fundi wa Baba Neema alivunja matofali pande zote mbili, kwetu na kwa Bi Mwanaidi, akatia milango ya mbao isiyo na kufuli.

Leo Madale ni kuta na mageti mpaka vilimani, na hata korongo lina daraja. Sina kinyongo, umeme na maji tuliviomba wenyewe. Juzi, nikiwa kwa mama, nilifungua ramani ya simu kwa kujifurahisha nione njia ya kwenda kwa Bi Mwanaidi. Ikanizungusha barabara kuu, darajani, mtaa wa pili, mwendo wa kupanda bodaboda. Nikacheka, nikaweka simu mfukoni. Nikabeba sahani yenye maparachichi, nikabisha hodi kwa Baba Neema, mzee sasa, nikasukuma mlango wake. Kwa Bi Mwanaidi magimbi yalikuwa bado ya moto.