Kofia Iliyoshonwa kwa Ndimi Tatu

Kwanza ni harufu ya wanga. Asubuhi, kabla jua la Matrah, bandari ya Waarabu, halijaanza kutuadhibu, mama alizipachika kofia kwenye vyungu vidogo vilivyopinduliwa ili zikauke na umbo lake, na nyumba nzima ikanuka wanga na kahawa. Ilikuwa mwaka 1964. Tumetoka Unguja na masanduku mawili, mimi, Zuwena, nina miaka tisa na Kiarabu cha kusalia tu. Mama alikuwa fundi wa kofia za mkono, na hakukawia kupata wenzake: Bi Gulnaz, jirani yetu Mbaluchi, na Bi Sakina, aliyezaliwa papo hapo Matrah katika nyumba ya Kikachi, ya Wahindi waliolowea. Mama alichora maua, Bi Gulnaz akatoboa vitobwe, Bi Sakina akavizungushia uzi wa hariri. Vitobwe walivihesabu kwa Kibaluchi, rangi za nyuzi wakazitaja kwa Kikachi, na kuteta, kucheka na kuwasema waume ilikuwa kwa Kiswahili, maana hayo ndiyo mama aliyowafunza mwanzo. Maneno yaliyoanza kinywani mwa huyu yalimalizikia kwa yule, kwa lugha nyingine, na hakuna aliyeshangaa. Mimi nilikaa katikati yao nikitunga nyuzi sindanoni, nikiona raha tupu.

Baba hakuipenda raha ile. Alikuwa mpole, lakini mpole mwenye hofu. Ami yake, Sheikh Seif, alikuwa njiani kuja kututazama kutoka Samail, mji wa ukoo wetu, na neno lake ndilo lingeamua kama ukoo utatutambua au tutabaki wageni katika nchi ya babu zetu. "Mwacha asili ni mtumwa," alisema baba, akapiga marufuku Kiswahili nyumbani mpaka mgeni aje na aondoke.

"Na hao nnaoshona nao, Baba Zuwena?" mama aliuliza.

"Na wao vilevile. Kiarabu tu. Nakuomba."

Mama alitii, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kofia iliyokuwa mikononi mwao ilikuwa ya zawadi, ya kumpa Ami Seif mwenyewe. Wote watatu walikuwa na Kiarabu cha sokoni, cha samaki na mchele, lakini hakuna aliyewahi kushona kwa Kiarabu. Kila mmoja aliona haya kuuliza, wakakaa kimya kama waliofiwa. Walipokuja kuziunganisha ncha za kofia, maua ya upande mmoja yalitazama juu na ya upande wa pili yalitazama chini. Bi Gulnaz akaguna. Mama aliangua kicheko, kisha kilio. "Basi!" alisema kwa Kiswahili, na mlango u wazi. "Kidole kimoja hakivunji chawa, na sie vidole vitatu tumejifunga midomo! Fumueni. Miye kupika ntapika kwa Kiarabu, lakini kushona siwezi." Wakafumua, wakaanza upya kwa kelele zao zote. Baba alikuwa nje barazani, akasikia kila neno, na hakuingia.

Ami Seif alikuja baada ya sala ya Ijumaa, mrefu, mkavu, mwenye macho yasiyopepesa. Maamkizi ya Kiarabu nilikuwa nimekaririshwa, nikayatoa bila ya kosa. Lakini mzee alipopewa kofia akaigeuza mikononi, akaniuliza nani kaishona. Jibu la swali hilo sikufundishwa. Nikaanza vizuri, kwamba mama ndiye aliyechora. Nilipofika kwenye vitobwe Kiarabu kikaniishia, na ulimi ukaenda ulikozoea: Kiswahili, Kibaluchi, vidole vikinisaidia. Nikamaliza. Niliogopa, maana nilijua nimewaharibia wazee wangu. Ami Seif akamgeukia baba, akauliza kwa Kiarabu: "Mtoto wa nani huyu, asiyejua kusema na wazee wake?"

Baba aliweka kikombe chini. "Wangu mie," alijibu kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kiarabu ili mzee aelewe. "Na lugha hiyo nimempa mimi. Ukitutambua, ami, tutambue nayo."

Mzee alivua kilemba chake. Akaivaa kofia, ikamkaa sawasawa. "Mwambie mama yake ashone nyingine ya mwanangu," alisema, "kisha mje nyote Samail."

Leo nakaa Ghubra, si mbali na Matrah, na wajukuu zangu wanachora maua ya kofia kwenye kompyuta huku wakichanganya Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili kama mboga chunguni. Kiswahili unakisikia maofisini na dukani, na watu wanajivunia kukijua. Nafurahi, tena sana. Wajukuu huniambia sisi wa zamani tulikuwa waoga, tukijificha na lugha zetu. Huwaacha waseme, kisha huwaambia habari ya baba yangu. Wao wanasema watakavyo wakijua watapokewa. Yeye alisema na huku hajui.