Mtoto Anayetembea na Mikono Juu

Siku niliyomfunga mtoto wa mdogo wangu mgongoni nikatoka naye Bungoma kwenda Kitale, naikumbuka mpaka rangi ya leso. Ilikuwa ya kijani, na mimi nilikuwa na furaha tele. Mwanangu, wewe unayelea huku ukitaka kazi ya mikono yako isife, nataka nikusimulie habari ya furaha hiyo, maana ndiyo iliyonipoteza.

Kwanza unijue. Mama yetu alifariki nikiwa darasa la saba. Baba alikuwa ametangulia. Nyuma yangu walikuwa watatu, na Nafula ndiye wa mwisho. Niliweka madaftari yangu juu ya kabati, nikaenda Kitale kujifunza kufuma sweta za shule kwa mashine, na darasani sikurudi tena. Sisemi hivyo ili unihurumie. Wote watatu walisoma, na mpaka leo nikitaja jambo hilo mgongo wangu hunyooka wenyewe.

Nafula alikuwa mtoto wa kuchora. Uzi wetu ulikuja katika maboksi ya kadibodi, nami nilimkatia vipande vyake kwa kisu. Alichora kuku, alichora majirani, alinichora mimi nimekunja uso mbele ya mashine, na watu walicheka kwa sababu ndivyo nilivyokuwa kweli. Alikua, akasoma, akaolewa Bungoma na mwalimu aliyefundisha Turkana na kurudi nyumbani wakati wa likizo. Binti yao Nekesa alikuwa na miezi saba wakati wachapishaji wa Nairobi walipompa Nafula kitabu chake cha kwanza. Ilikuwa hadithi ya mtoto anayejifunza kutembea kwa kumfuata kuku uani.

Nilienda kumpongeza. Nikakuta maji ya rangi yamemwagika juu ya karatasi, mtoto analia, na mama mtu amekaa katikati ya vitu hivyo na brashi mkononi kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta. Hapo hapo nikaamua. Nilikuwa sijafika thelathini, lakini kuamua nilikuwa nimekuzoea tangu utotoni. Nikamwambia anipe mtoto nikae naye Kitale mpaka kitabu kiishe, kwani sikukesha nikifuma usiku baada ya usiku ili yeye aje kushindwa na nepi.

Nafula hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Alinipa mgongo, akaanza kukunja nguo za mtoto moja moja, na kila moja aliikunja mara mbili. Mimi nikauchukua ule ukimya kuwa shukrani.

Kitale mtoto alistawi. Nilimfumia sweta ya njano, na wanawake wa pale tunapofumia wakaanza kuniita Mama Nekesa. Sikuwakataza. Nafula alipiga simu kila jioni, nami nilimjibu kwa maneno machache: amekula, amelala, wewe chora. Niliona ni msaada kutomweleza mengi. Nilifikiri akisikia mengi atamkumbuka mtoto, na akimkumbuka ataacha kazi.

Miezi ikapita. Jumatatu moja mchana, Nekesa aliachilia kiti alichokuwa amekishika, akapiga hatua nne kutoka mashine yangu hadi mashine ya jirani. Tulimpigia makofi. Nilichukua simu nimwambie mamake, kisha nikairudisha mfukoni. Nikasema nitamwambia akimaliza.

Siku tatu baadaye akapiga mapema, bado tuko kazini. Sauti yake ilikuwa chini. Mhariri alikuwa amerudisha michoro. Ati kurasa za mwanzo ni nzuri, lakini mtoto wa kurasa za mwisho hatembei, amesimama wima kama askari wa gwaride. Alikuwa amepewa wiki tatu arekebishe, la sivyo kitabu kingepewa mchoraji mwingine. Kisha akauliza.

"Dada, Nekesa ameanza kutembea?"

Nilimwangalia mtoto. Wakati huo huo alikuwa anavuka chumba, ameinua mikono, tumbo mbele, anamwendea mzee wetu Mama Wanjiku. Nikahesabu kichwani zile wiki tatu. Nikaona akisikia ukweli atatupa brashi na kuja Kitale.

"Bado," nikasema. "Wewe chora."

Mama Wanjiku ndiye aliyenifundisha mashine. Wazazi wake walitoka upande wa Murang'a kuja kulima Trans-Nzoia, naye alikuwa amezeeka akifuma. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Nekesa alikuwa amemshika goti kwa mikono yote miwili. Yule mama aliendelea na mstari wake mpaka mwisho, ndipo akasimamisha mashine.

"Nasimiyu," akaniita, "wewe uliacha shule kwa sababu mama yenu alikufa. Si ndiyo?"

Nikajibu ndiyo.

"Na huyu, mama yake amekufa lini?"

Mwanangu, nimewahi kusemwa na watu wengi. Kuna waliosema nawalea wadogo zangu kwa ukali, na wengine kwamba sitaolewa. Hakuna neno lililoniingia kama lile. Mimi niliyejua ukiwa ulivyo, nilikuwa nimeuchukua kwa mikono yangu nikampa mtoto mwenye mama mzima, tena huku nikijisifu.

Nililia pale pale juu ya uzi. Mama Wanjiku aliniacha nimalize, kisha akaniambia niende, sweta zangu atazimalizia yeye. "Na zile kola zako zilizopinda," akaongeza, "nitazinyoosha pia. Shule imechoka kuzirudisha."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa Bungoma. Nafula alifungua mlango, akanyoosha mikono, na Nekesa akajificha nyuma ya sketi yangu. Nikamweleza yote nikiwa bado nimesimama mlangoni: kwamba mtoto anatembea, na kwamba nilimdanganya.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. "Mimi nilikuwa nakaa hapa," akasema, "nachora mtoto wa miezi saba namrefusha miguu. Sikuwa na mwingine wa kumchora. Dada, hukuniuliza hata siku moja."

Kisha akakaa chini sakafuni, mbali na sisi, akaweka kisanduku cha rangi mbele yake. Hakumwita mtoto. Alikoroga rangi nyekundu polepole kwenye kisahani na kungoja. Nekesa alichungulia. Akatoka nyuma ya sketi. Akaenda, hatua kwa hatua, miguu imeachana, vidole vya mikono vimefika juu ya masikio. Alipofika alitumbukiza kiganja chote kwenye rangi, akakifutia shingoni kwa mamake.

Nafula alimshika kwa muda mrefu. Halafu nikamsikia akisema, kama anayejisemea: "Kumbe mikono inakaa juu."

Sikurudi Kitale siku ile. Nilikaa pale wiki zile tatu na sindano zangu za kufumia kwa mkono, chumba kimoja, sisi watatu. Asubuhi mtoto akiwa macho Nafula alichora kwa penseli, kwa sababu miguu ile haikuwa na subira ya rangi. Mchana mtoto akilala, alipaka. Akilia, nilimbeba, akimtaka mamake, nilimpa, hata kama ukurasa ulikuwa haujakauka. Kuna karatasi tulizipoteza. Kuna siku Nafula alinifokea, na siku nyingine nilitamani kumchukua mtoto niondoke naye tena. Nilikaa.

Michoro ilikubaliwa. Kitabu kilipotoka, nilikisoma kwa kidole, neno kwa neno, na nilipofika ukurasa wa mwisho nilimkuta mtoto ameinua mikono, kuku amekimbia, naye amevaa sweta ya njano yenye kola iliyopinda. Nilimpelekea Mama Wanjiku. Alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema sasa kola yangu mbaya itaonekana Kenya nzima.

Baadaye Nafula alialikwa katika shule moja kule Tongaren, nami nikaenda naye. Alipofungua ukurasa ule, watoto wa chekechea waliinuka wote wakaanza kutembea na mikono juu wakianguka kwa makusudi. Mtoto mmoja akaniuliza kama namjua aliyechora. Nikamwambia ni mdogo wangu, nimemkatia kadibodi kwa mikono hii. Nadhani nilimwambia mara tatu.

Leo Nekesa ni mrefu kunipita, na Nafula amechora vitabu vinavyojaa rafu. Watu wakiniuliza kama alifaulu kwa sababu nilimwondolea mtoto, nawaambia karibu ashindwe kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo nisikie, mwanangu. Ukiwa na mtoto na una kazi unayoipenda, usikubali mtu yeyote, hata anayekupenda kama nilivyompenda Nafula, akuchagulie kimoja. Na usimjibu kwa kumgeuzia mgongo na kukunja nguo. Sema kwa mdomo: nipe saa mbili, mshike hapa hapa nimwone. Nawe uliye dada, au shangazi, au nyanya, ukitaka kusaidia, peleka mikono yako mahali mama na mtoto walipo. Uliza kabla ya kubeba. Na mtoto akipiga hatua, mamake aambiwe siku hiyo hiyo.

Mungu akupe kazi inayokufurahisha na mtoto anayeichafua. Akupe watu wa kukaa nawe chumba kimoja mpaka iishe. Na siku itakapokamilika, watoto usiowajua waishike mikononi, wacheke, nami nikiwa bado hai unitumie nakala, hata kama nitaisoma kwa kidole.